Afande na Ziwa Lisilo na Ukuta

Sauti yake ilikuwa inafika Kisugu kabla yake. Mwenyewe bado yuko juu kwenye mlima wa Kibuli, pengine ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu, na huku bondeni mimi nimeshaamka, nimekaa kitandani, nimeshajiona nimechelewa. Mume wangu alikuwa akisema ameoa nyumba yenye wakubwa wawili na yeye si mmoja wao. Mtaa mzima tulimwita mama huyo Afande. Alikuwa amestaafu polisi, kule Naguru alikokimbiza makuruta mpaka wakamwona malaika, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa makaratasi tu. Koo lake hakuna aliyelistaafisha.

Alikuwa na tamaa moja, na sisi tuliokimbia nyuma yake tuliijua kama tunavyojua majina ya watoto wetu: kumaliza traiathloni ndefu, mara moja tu maishani. Kwa asiyejua, hayo ni mashindano ya wendawazimu. Unaogelea ziwani mpaka mikono inakuwa ya mtu mwingine. Unatoka umelowa, unapanda baiskeli, unakwenda mpaka unasahau ulitokea wilaya gani. Ukishuka, badala ya kupewa kitanda, unaambiwa ukimbie. Saa inatembea muda wote huo na kila hatua ina muda wake wa kufungwa. Afande alijaribu mara ya kwanza na hakuiona hata baiskeli yake. Mashua ya waokoaji ilimtoa majini mbele ya macho yetu, amelegea kama shuka lililotoka kufuliwa. Tangu siku hiyo swali lilikuwa moja, na hakuna aliyethubutu kulisema karibu naye: atakaporudi, je, atatoka kwenye lile ziwa kwa miguu yake mwenyewe?

Sisi wenyewe hatukuwa wanariadha wa kuwatisha watu. Mimi ni Mkenya niliyekuja Kampala kuuza vigae na masinki, nikapata cheti changu kwa masomo ya jioni huku nikisinzia juu ya daftari, na kukaa dukani kulikuwa kumeninenepesha mpaka wateja wakawa wananiuliza mimi ni wa saizi gani. Ssalongo alikuwa dereva wa bodaboda, tukamwita hivyo kwa kuwa ni baba wa mapacha, na alitamba kwamba barabara zote za Kampala zinamjua kwa jina. Wengine walikuja na kutoweka. Kila Januari tulikuwa jeshi. Ikifika Pasaka tumebaki kiasi cha kuenea kwenye benchi moja.

Kwa ajili ya hao wanaotoweka, Afande alibuni sheria ya kiatu. Mazoezi ya Jumamosi yakiisha, alikuwa anaketi kwenye kiti barazani kwake, amejifunga gurbaba, kile kitambaa cha wanawake wa Kinubi kama yeye, juu ya suruali ya mazoezi, ananyoosha mkono.

"Leta mguu."

Unavua kiatu cha kushoto, unampa. Kinalala kwake. Unashuka Kibuli umevaa ndala, kiatu kimoja mkononi, watu wanakutazama. Kesho yake alfajiri ukikitaka lazima ukifuate, na ukishakifuata uko juu mlimani, unatoka jasho, umeamka, na huna tena kisingizio chochote duniani. Ssalongo alinunua jozi ya pili kwa siri. Afande akamwangalia miguu, akaomba viatu viwili vya kushoto. Mgeni mmoja aliyekuja kumsalimu akaona ile safu ya viatu ukutani, akamuuliza kwa upole kama wapangaji wake wote ni vilema.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asituachie tu hamu yetu itulete. Nilikuwa nimelisoma neno hilo kwenye simu, kwamba mwanariadha lazima atunze hamu yake. Alikuwa anasuka kawa, akaendelea kusuka. Vidole vile vilivyokuwa vikikusukuma mgongoni mpaka ufike kileleni viliweza kupitisha uzi mwekundu katikati ya wa manjano bila yeye kutazama.

"Hamu ni shemeji," akasema. "Inakuja siku ya pilau. Siku ya kuosha sufuria, haiko."

Basi. Kawa ikapata duara jingine, na mimi nikaambiwa nizunguke msikiti mara nyingine kwa kuwa nina pumzi ya kuuliza maswali.

Kwenye kundi letu la simu alikuwa mkali vilevile. Kuna dada alikuwa anapenda kututumia picha za jua likichomoza, na maneno ya kututia moyo juu yake. Afande hakuwa mtu wa kuandika. Alijibu kwa sauti, na ukifungua ujumbe wake kwenye foleni ya benki watu wote wanasimama wima. "Nani ametuma hii jua? Futa. Jua ya kweli iko nje, kuja uone." Yule dada akafuta jua, kisha akajifuta mwenyewe kwenye kundi.

Usidhani alikuwa hana huruma. Huruma yake ilikuwa inatembea kwa njia za kificho, kama askari kanzu. Nilipofiwa na mama yangu kule Kakamega, hakunipa pole kwa maneno yanayokumbukika. Alinichukulia kiatu cha kushoto siku ya mazishi kwa simu, yaani alinipigia akasema, kile ulichovaa, kimeshakuwa changu, ukirudi uniletee. Nikarudi. Sijui kama ningerudi kwenye mazoezi bila simu ile.

Mwezi wa Ramadhani alifunga, na mazoezi hayakufungwa. Tulikimbia jioni, ile saa tumbo la mfungaji linapoongea peke yake. Sisi Wakristo tuliona haya kunywa maji mbele yake, tukawa tunajibana. Siku moja nikaanguka karibu na kituo cha mafuta kwa kiu. Kizunguzungu tu, lakini nikisimulia huwa nasema nilizimia. Tangu hapo alikuwa akitusimamisha, anakunja mikono, anatuangalia tukinywa mmoja mmoja, kama trafiki anayekagua leseni. "Wewe, Mkenya, kunywa. Mimi naangalia." Hakuwahi kuyatazama maji yenyewe. Alitutazama kooni.

Hapo ndipo unapokuta mambo yake hayakubaliani. Mwanamke huyo aliweza kusimama katikati ya barabara ya Ggaba, akainua kiganja, lori la mchanga likasimama ili sisi tupite na baiskeli zetu. Ssalongo, ambaye kwake kila mwanamke ni nnyabo, yaani bibi, alikuwa anafumba macho. "Nnyabo, hii mama siku moja itagongwa na gari ya serikali," alininong'oneza, "na gari ndiyo itaomba msamaha." Lakini mama huyohuyo akifika ukingoni mwa bwawa la kuogelea, anakuwa na shughuli. Kamba ya miwani imelegea. Kofia inabana. Fulani hajafika, tumngoje. Alikuwa anaogelea amevaa vazi linalomfunika hadi kifundo cha mguu, na alikuwa analipanga mikunjo yake kama bibi harusi. Nilichukua muda kuelewa kwamba ilikuwa hofu. Hofu kwa watu wengine inatetemeka; kwake ilikuwa nadhifu.

Tulijifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja huko Naguru, na hapo ndipo tulipofanya kosa letu kubwa. Bwawa lilikuwa fupi. Naifahamu kazi ya vigae, na ningeweza kukuambia lile lilijengwa na mtu aliyeishiwa vigae katikati. Ukipiga mikono kidogo tu, umefika ukutani; unaushika, unavuta pumzi, unausukuma kwa miguu, unateleza bure hadi karibu nusu ya safari. Chini kuna mstari mweusi, unaufuata tu. Tukajiona samaki. Afande akatugawa wawiliwawili, kila mtu na pacha wake wa majini, na sheria ikawa hakuna anayeogelea bila pacha. Wangu alikuwa yeye. Sikuchagua, alininyooshea kidole.

Kisha tukaenda ziwani, upande wa Ggaba. Afande, kwa mazoea ya gwaride, akatupanga mstari mmoja: yeye mbele, kila mmoja afuate mapovu ya miguu ya mwenzake, Ssalongo abaki nchi kavu kulinda nguo kwa kuwa alikuwa na kikohozi. Tukaingia. Maji yakawa ya rangi ya chai. Chini hakuna mstari, hakuna chochote, ni giza la kijani tu. Yeye akatazama chini kutafuta mstari, sisi tukatazama mapovu yake, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuinua kichwa aone tunakwenda wapi. Gwaride zima likapinda kama ndizi. Ssalongo alisema baadaye kwamba alipiga kelele mpaka Tanzania wakamsikia. Sisi tulisikia tulipoanza kugusa mafunjo kwa vichwa.

Tulicheka sana siku ile. Yeye hakucheka. Niliona mkono wake, tulipokuwa tunarudi taratibu kwa kushikilia mimea: ulikuwa unanyooka mbele, unapapasa, unarudi, unanyooka tena. Ulikuwa unatafuta ukuta. Nikajua ninaogelea na mtu ambaye mwili wake hauamini kwamba kuna maji yasiyo na mwisho.

Mashindano yake ya kwanza yalikuja baada ya hapo na nimeshasema yalivyokwisha. Mimi sikushiriki, nilikuwa sijaiva. Nilisimama ufukweni nimeshika taulo lake. Tuliona mkono uleule ukipapasa hewani, kisha mashua ikamfuata, naye akawa anapigana nayo. Kila walipomkaribia alirudi nyuma, anameza maji, anawafokea kwa Kiswahili cha kambini, mpaka nguvu zikamwisha wakamnyanyua. Kwenye gari tukafika naye Kabalagala. Pale akasema, "Wamenishika kama mwizi," akageukia dirisha.

Binti yake ni muuguzi. Alikuja dukani kwangu kwa kisingizio cha kuuliza bei ya sinki. Alisema mama ana presha, na siku hizi inapanda kila akisikia neno ziwa, lakini kumkataza ni kumwongezea nyingine. Kisha akashusha sauti ingawa dukani hakukuwa na mtu.

"Aunti, wewe ndiye pacha wake. Ukimwona amebadilika majini, inua mkono, ita mashua. Usimsikilize atakachosema."

Nikamwahidi. Mtu akikuangalia vile utaahidi hata kuhamisha mlima wa Naguru. Lakini tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nimejiandikisha na mimi mara hii, na badala ya kuogopa safari yangu, nikawa naogopa yake. Kwenye mlima nasikiliza pumzi yake. Akinyamaza, naogopa. Akifoka, namshukuru Mungu. Alikuwa amezidi kutufokea, kwa kweli. Alituamsha mapema zaidi, akatupeleka mbali zaidi, akaanza kuchukua na kofia zetu pamoja na viatu. Kila kitu cha nchi kavu alikifanya mara mbili. Ziwani tulikwenda, tukafundishwa na mvulana wa pale ufukweni kuinua macho, tukaweza, lakini hatukuwahi kwenda mbali. Kila mara kulikuwa na upepo, au wingu, au Fulani hajafika.

Siku yenyewe ikafika kama mkusanya kodi. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia, jambo lililoniogopesha zaidi kuliko mawimbi. Bwana mmoja wa mashindano alishika kipaza sauti akasoma masharti kwa Kiingereza, marefu kama hotuba ya bajeti. Mimi nilisikiliza, kwa kuwa mtu aliyesoma jioni hana tabia ya kupoteza somo la bure. Afande hakusikiliza. Alikuwa anatupanga mstari, anakagua kofia, anamwambia Ssalongo asimame kama mtu mwenye mifupa. Mikunjo ya vazi lake ilikuwa imenyooka mno.

Tukaingia. Ssalongo akatoweka mbele na wenye haraka. Sisi wawili tukabaki nyuma ya wote, bega kwa bega, tunainua macho kila baada ya pumzi chache, tunatafuta boya la rangi ya chungwa. Tulilifikia, tukalizunguka. Nikaanza kuamini. Nadhani kuamini kwangu ndiko kulikoharibu, maana nilipogeuza kichwa kupumua, hakuwepo.

Alikuwa nyuma yangu, wima ndani ya maji, kidevu juu. Mkono umenyooka mbele unapapasa. Midomo imebadilika rangi, na macho yananiangalia bila kuniona. Ufukwe ulikuwa mstari mwembamba. Nikafanya nilichoahidi: nikainua mkono.

"Shusha," akasema. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Shusha mkono, mwanangu. Wakinishika, imekwisha."

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Siku zote mimi ni Mkenya, au kuruta. Kijana wa mashua alikuwa ameshatuona, anapiga kasia kuja, na Afande ameanza kurudi nyuma kama mara ile, anameza maji, anakohoa. Kumtia moyo? Angeniambia nifute. Kumbembeleza? Angezama kwa hasira. Nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani, na nikakitema pamoja na nusu ya ziwa.

"Afande, sheria inaruhusu kushika."

Akaacha kurudi nyuma. "Sheria gani?"

"Ya mashindano. Imesomwa asubuhi. Unashika mashua, unapumua, mradi isikusogeze mbele. Ukiachia, unaendelea. Hawakutoi."

"Nani alisema?"

"Kwenye kipaza sauti. Wewe ulikuwa unatupanga."

Akamgeukia kijana wa mashua, ambaye alikuwa ameshafika na kututazama kama wagonjwa. Hata katika hali ile, pumzi zikikatika, alimtazama kana kwamba anataka kitambulisho chake. "Ni kweli?"

"Ni kweli, nnyabo. Shika hapa. Mimi sisogei."

Basi akashika. Kwanza vidole viwili, kama mtu anayepima joto la pasi, kisha mkono wote. Akalaza shavu kwenye ubavu wa mashua, akafumba macho. Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Ukiniuliza nitakuambia msimu mzima wa mvua. Nilikuwa nahesabu pumzi zake na kupoteza hesabu, namwona binti yake dukani, najiuliza nitamwambia nini. Rangi ikarudi midomoni polepole. Kijana wa mashua akauliza kwa adabu kama angependa kupanda sasa.

Afande akafumbua macho. "Wewe umesema husogei," akamwambia. "Sasa kaa hapo." Akaachia.

Tuliogelea kama wazee wawili wanaovuka uwanja wa soko. Piga mkono, inua macho, pumua. Alikuwa anasema kitu kila akivuta hewa, nikafikiri ni dua, na nadhani ilikuwa dua, ila nilisikia na jina langu ndani yake likifuatiwa na neno la kambini lisiloandikika. Magoti yetu yakagusa mchanga. Nikanyanyuka, nikamgeukia kumpa mkono, nikauona ule uso wa kukataa kushikwa, nikaurudisha mkono wangu upesi.

Akaweka mguu mmoja chini. Akaweka wa pili. Akasimama, maji yanamchuruzika, akayumba, akasimama tena. Kisha akatoka ziwani kwa miguu yake, mbele yangu, hakugeuka nyuma, akampita bwana wa saa, aliyekuwa anatuonyesha kwa vidole kwamba muda bado upo, mdogo sana, lakini upo.

Nilimkuta kwenye baiskeli yake. Hakuwa anafoka. Alikuwa amevaa kofia ngumu kichwani na anahangaika na kifungo chake cha chini ya kidevu, na mikono ile iliyopitisha nyuzi bila kutazama ilikuwa inashindwa kukutanisha vipande viwili vya plastiki. Aliponiona akaacha kuhangaika. Akainua kidevu, kama mtoto anayevalishwa sare. Nikamfungia. Nilisikia mshipa wa shingoni mwake unapiga kwenye vidole vyangu, haraka, haraka mno, na nikafungua mdomo kumwambia inatosha, amekwisha kupata alichokitaka, tukae chini tunywe chai.

"Funga vizuri," akasema. "Mbele kuna malori."

Akapanda, akaondoka, akakanyaga kuelekea barabara kubwa, mgongo umenyooka, vazi bado linadondosha maji. Nilibaki nimesimama pale namtazama mpaka akapinda kona, na hata baada ya kupinda, nasikiliza kama lori limefunga breki. Bwana wa saa ndiye aliyenijia akanigusa bega, akaniuliza kama na mimi ni mshindani au nimekuja kumsindikiza mama.

Nikakimbilia baiskeli yangu.